Hii nasari inamfaa mwanangu? Maswali ambayo wazazi wanauliza kila siku

Nimefundisha nasari miaka sita, na wanangu watatu wote wamepita nasari, mmoja wao nilimtoa katikati ya muhula. Haya ndo maswali naulizwa sana na wazazi wenzangu. Nimeyajibu vile ninavyoongea na mtu tumekaa pamoja, kwa hiyo mengine nimerefusha na mengine nimepita haraka, inategemea uzito wake.

Mtoto aanze nasari akiwa na umri gani?

Hakuna umri mmoja unaowafaa watoto wote. Kuna mama anarudi kazini mtoto ana miezi minne na hana namna, kuna mwingine anakaa nae mpaka miaka mitatu, na wote watoto wao wanaweza kukua vizuri tu. Ila unachokitafuta kinabadilika kulingana na umri. Mtoto wa chini ya mwaka na nusu hivi hahitaji shule, anahitaji mtu, yaani mtu mmoja au wawili wanaomjua vizuri, wanaojua akisugua macho ni usingizi na akianza kulia ile sauti nyembamba ni njaa. Hapo usitafute ratiba ya masomo, tafuta mlezi.

Kwenye miaka 3 ndo mtoto anaanza kuwafaidi wenzie kweli kweli. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani anaitwa Mildred Parten alieleza jinsi kucheza kunavyokua kwa hatua, wadogo wanakaa bega kwa bega kila mmoja na mchezo wake, halafu kidogo kidogo wanakuja kwenye kucheza pamoja na kupangiana kazi, we mama, mi baba, yule mgonjwa. Ndo maana mtu akikwambia mpeleke wa mwaka mmoja akajichanganye na wenzie mi huwa nasema hao wenzie bado hawana muda nae sana, anaemhitaji pale ni mtu mzima.

Kitu kingine, kuanzia kama miezi 8 mpaka mwaka na nusu hivi ndo kipindi kile mtoto hataki hata uende chooni bila yeye. Ukiweza kumuanzisha kabla au baada ya hapo unamrahisishia. Ukishindwa bado inawezekana, ila jipe wiki nyingi zaidi za kumzoesha.

Je lazima awe ameacha nepi na anaongea vizuri?

Hapana, isipokuwa kituo chenyewe kimeweka hilo sharti, na wakiliweka uliza wanafanyaje mtoto akijikojolea, maana watoto wa miaka 3 na 4 wanajikojolea, hasa mchezo ukinoga. Jibu zuri ni "tunambadilisha." Ukisikia habari za kumwambia ona wenzio wanakucheka, ondoka. Kuongea pia sio sharti, ila kama hajaanza kutamka maneno mwandikie mwalimu lugha yake, kwamba akisema "mm" huku ananyoosha kidole anataka maji, akivuta nguo anataka kubebwa. Nilishapokea karatasi kama hiyo kutoka kwa baba mmoja, ukurasa mzima kwa mwandiko wa haraka haraka, ikatusaidia kuliko fomu zote alizojaza.

Nikienda kutembelea niangalie nini?

Angalia watu. Najua utaonyeshwa ukuta, michoro, bembea mpya, kamera, na vyote vina nafasi yake, lakini mwanao hatalelewa na ukuta. Nasari mbaya kabisa niliyowahi kuingia ndo ilikuwa na ukuta mzuri kuliko zote, twiga mpaka darini, na chini ya yule twiga kulikuwa na mtoto wa kama mwaka mmoja kwenye kiti cha kujifunga analia, na watu wazima watatu wamempita mmoja baada ya mwingine. Nilihesabu. Hakuna aliyeinama.

Ntakupa kitu kimoja kidogo ambacho mi nakitumia mpaka leo, angalia mtoto anavyofutwa kamasi. Kwenye nasari kamasi zipo tu kila siku, kwa hiyo hutasubiri sana. Kuna mlezi anakuja kwa nyuma na kitambaa, anakamata kichwa, anafuta, anaondoka, mtoto anashtuka na kugeuza shingo hajui hata nani kamshika. Na kuna mlezi anakuja mbele, anachuchumaa, anamwambia "nakufuta pua eh," anasubiri nusu sekunde mtoto anyanyue uso, ndo anafuta. Hiyo nusu sekunde ndo unayoilipia ada. Anaemfuta hivo ndo anamlisha hivo, ndo anambadilisha hivo, maana mkono ni ule ule siku nzima.

Kubadilisha nepi nako ni hivo hivo. Daktari wa watoto Emmi Pikler, aliyefungua nyumba ya kulelea watoto Budapest mwaka 1946, aliwafundisha walezi wake kwamba kuogesha, kulisha na kuvalisha ndo muda wenyewe wa mtoto kupendwa, sio kazi ya kumaliza haraka ili uende kwenye mambo ya maana. Kwa hiyo omba kuona wanapobadilishia. Sikiliza kama mlezi anaongea na mtoto au anaongea na mlezi mwenzie juu ya kichwa cha mtoto.

Sikiliza na sauti ya chumba. Kimya kabisa kwenye chumba cha watoto ishirini kinanitia wasiwasi, na kelele za watu wazima zinanitia wasiwasi zaidi. Unachotaka ni ule mvumo, watoto wanaongea, mmoja anacheka, kuna anaelia na kuna mtu anamwendea.

Angalia watoto wanavyokupokea. Wakikuangalia kidogo halafu wakarudi kwenye mambo yao ni dalili nzuri. Wakikukimbilia karibu wote na kukung'ang'ania miguu, mgeni hawakujui, mi huwa naona hawa watoto wana kiu ya kushikwa.

Na ile michoro ukutani, isome. Ukiona vipepeo ishirini vyote vimepakwa rangi sawa na mabawa yamenyooka, hivo vimechorwa na mwalimu. Ukiona vipepeo vya ajabu ajabu, kimoja kina miguu kumi, kingine ni doa tu la bluu, hapo watoto wanaachiwa mikono yao.

Niende saa ngapi?

Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, kistaarabu, uongee na mkuu. Ya pili nenda muda mgumu, na mgumu ni ile nusu saa kabla ya kula mchana au saa ya mwisho kabla ya wazazi kuja kuchukua. Asubuhi kila mtu ni mpya. Ile saa ya mwisho watoto wamechoka, walimu wamechoka zaidi, mgongo unauma, hapo ndo utajua subira ya watu hawa ikoje. Niliifanya hiyo kazi, najua nilivyokuwa saa mbili asubuhi na nilivyokuwa jioni.

Kama wanakukatalia kabisa usiingie ndani ya madarasa, muda wowote, hata kwa utaratibu, kwangu mimi mazungumzo yameishia hapo.

Watoto wangapi kwa mwalimu mmoja ni sawa?

Kila nchi ina sheria yake, ulizia ya kwako. Ili uwe na picha kichwani, Uingereza wanataka mtu mzima 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, 1 kwa watoto 5 wa miaka 2, na 1 kwa 8 kuanzia miaka 3, ingawa kwa hao wa 3 wanaruhusu mpaka 13 kama mwalimu ana shahada. Sio lazima ufikie namba hizo hizo lakini zikusaidie kuona kwamba watoto wachanga 10 kwa mtu mmoja haiwezekani. Fikiria moto umetokea, huyo mtu atabeba wangapi.

Halafu usiulize tu "mna walimu wangapi," maana watakutajia mpaka mhasibu. Uliza "sasa hivi, kwenye chumba hiki, nani anawaangalia hawa, na akienda chooni anabaki nani?" Swali hilo la choo linajibu mengi.

Maswali gani mengine niwaulize?

La kwanza kabisa, walimu wanakaa muda gani. Mtoto mdogo hazoei jengo, anazoea mtu, sasa kama kila miezi mitatu mtu anabadilika kila mara anaanza upya. Ukikuta mlezi yupo pale miaka mitano na bado anafurahi, hiyo nasari ina kitu.

Uliza adhabu, tena usiulize "mnachapa?" maana hakuna atakaekwambia ndio. Uliza hivi, "mtoto akimpiga mwenzie na kitu kichwani, mnafanyaje hatua kwa hatua?" Halafu nyamaza. Anaejua kazi yake atakuelezea vizuri, kwamba naenda kwanza kwa aliyeumia, halafu nakaa na aliyepiga, namwambia umekasirika lakini hatupigi, naangalia chanzo kilikuwa nini. Asiejua atakwambia "hapa kwetu watoto wana nidhamu" na hapo ujue hujajibiwa.

Uliza televisheni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mwongozo huo huo unasema mtoto asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa 1 mfululizo, na kuanzia mwaka mmoja apate angalau dakika 180 za kutembea na kuruka na kucheza kwa siku. Kwa hiyo uliza wanatoka nje mara ngapi, na uliza pia siku ya mvua inakuwaje, maana siku ya mvua ndo televisheni inapowashwa asubuhi ikazimwa jioni.

Uliza nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto, na akija shangazi ambae hayupo kwenye orodha watafanya nini, hata kama mtoto anamkimbilia. Jibu sahihi ni kwamba hawamtoi mpaka wakupigie. Wakikukatalia siku moja wewe ndo umemtuma mtu bila kusema, usikasirike, washukuru.

Na uliza usingizi, hili usiliruke kama mtoto hajafika mwaka. Alazwe chali, kila anapolala, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila midoli, bila blanketi zito. Marekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994 vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka kwa karibu nusu miaka iliyofuata. Ingia chumba cha kulala uone kwa macho yako, na uone kama kuna mtu anakaa humo au wamefunga mlango tu.

Wanasema watoto wao wa miaka 3 wanaandika na kusoma. Si ndo nzuri hiyo?

Hapa wazazi wengi tunapishana, na naelewa kabisa, unalipa hela unataka kuona kitu kwenye daftari. Lakini chukua mkono wa mtoto wa miaka 3 uuangalie. Kwenye kifundo cha mkono wa mtu mzima kuna vifupa 8 vidogo. Mtoto akizaliwa vyote bado ni gegedu laini, vinageuka kuwa mfupa kimoja kimoja mwaka baada ya mwaka, na cha mwisho kinakuja kwenye miaka 9 mpaka 12 hivi. Sasa huo mkono wa miaka 3 ndo unalazimishwa ujaze ukurasa mzima wa herufi a ndani ya mstari. Nimewaona wanavyoshika penseli kwa ngumi, ulimi nje, machozi yanakaribia, na mzazi akija anaonyeshwa daftari lina tiki nyekundu anafurahi.

Ule mkono unahitaji udongo wa kufinyanga, maji ya kumimina kutoka kikombe kwenda kikombe, vifungo vya shati, mchanga, karatasi za kuchana. Mtoto aliyefinyanga miaka miwili akija kushika penseli kwenye miaka 5 au 6 anaishika vizuri na haimchoshi. Na kusoma kunaanza masikioni, hadithi, nyimbo, vitendawili, mtoto kuulizwa swali na kusubiriwa ajibu. Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliijenga juu ya michezo, vitalu vya mbao na nyimbo, na jina alilolipa maana yake ni bustani ya watoto.

Kwa hiyo sisemi ukimbie nasari yoyote yenye herufi ukutani. Mtoto akipenda kuandika jina lake mwache aandike, tena mfurahie. Ninachokwambia uliza "asieweza au asietaka anafanywaje?" Kama anabakishwa ndani wenzie wakiwa nje, hapana.

Bango limeandikwa Montessori. Inamaanisha nini, na niamini?

Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, akafungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Njia yake kwa kifupi, watoto wa umri tofauti wanakaa pamoja, kwa kawaida wa 3 mpaka 6, vifaa viko kwenye rafu za chini mtoto anachagua mwenyewe, anafanya mpaka achoke nacho, na mwalimu anaangalia zaidi kuliko kuongea. Tatizo ni kwamba kwa nchi nyingi hilo jina yeyote anaweza kuliandika kwenye bango. Ukiingia ukakuta watoto wote wanafanya kitu kimoja wamekaa mistari wanaitikia kwa pamoja, na vile vifaa vizuri vya mbao viko juu ya kabati ambapo hawafiki, hiyo sio Montessori hata kama cheti kipo ukutani. Inaweza bado kuwa nasari nzuri. Ila kadiria kile unachokiona, sio jina.

Siku za kwanza zipangwe vipi?

Kwa mwendo wa taratibu, na nasari itakayokwambia "mwache tu atazoea" uitilie shaka. Kuna utaratibu unaotumika sana Ujerumani, unaitwa wa Berlin, mimi naupenda kwa sababu unamfuata mtoto. Siku 3 za kwanza mzazi anakaa chumbani na mtoto kama saa moja hivi, wanaondoka wote, hakuna kuachana kabisa. Mzazi anakaa pembeni tu, hachezi sana, hamsukumi mtoto aende, yupo kama nanga. Siku ya 4 mzazi anaaga, anatoka nje, haizidi dakika 30. Mtoto akilia mlezi akambembeleza akatulia, wanaendelea kuongeza muda kidogo kidogo. Akilia hatulii, mzazi anarudi na wanajipa siku zaidi kabla ya kujaribu tena.

Najua kazini hawakupi wiki mbili za kukaa pembeni. Fanya unachoweza, hata siku mbili, hata awepo bibi au baba badala yako. Mwachie na kitu chake, kitambaa au kidoli kile anacholala nacho, na waambie wasimnyang'anye.

Analia kila asubuhi nikimwacha. Nimtoe?

Kilio cha mlangoni peke yake hakitoshi kukuamulia. Mtoto anaekupenda atalia ukiondoka, ni haki yake. Kinachoamua ni kinachotokea baada ya wewe kuondoka. Simama nje pale hawakuoni, subiri dakika kumi. Au muombe mwalimu akutumie ujumbe akishatulia. Wengi wanatulia mapema tu, wengine kabla hujafika barabarani.

Na angalia zaidi unaporudi. Mary Ainsworth, ambae miaka ya 1950 alikaa Uganda akiangalia mama na watoto wao, baadae Marekani akabuni jaribio la kumtenga mtoto na mama kwa dakika chache, na macho yake yalikuwa zaidi kwenye kurudi kuliko kwenye kuondoka. Mtoto anakuja kwako? Unaweza kumtuliza? Anakukumbatia halafu anarudi kukuonyesha alichokuwa anafanya? Hayo yanakwambia vizuri. Hata akiangua kilio akikuona jioni usishtuke haraka, mara nyingi amejizuia siku nzima na sasa amefika kwa mtu wake.

Usitoroke tu. Hili nakuomba kabisa. Kumpotezea akageukia midoli halafu unachomoka mlango wa nyuma inakurahisishia wewe leo, kesho hatakuachia hata mkono maana kashajifunza kwamba akigeuka kidogo tu unapotea. Aga, sema utarudi lini kwa lugha yake, ukishalala na kuamka nakuja, busu, ondoka. Usirudi mara tatu mlangoni.

Mpaka lini? Mi nasema wiki nne mpaka sita unatakiwa uone mabadiliko, hata madogo. Kama wiki ya sita analia kama siku ya kwanza, hali vizuri, anaamka usiku anapiga kelele, au amenyamaza tu, haongei hachezi hata nyumbani, basi kaa na mwalimu muongee kwa undani. Huyo wa kunyamaza ndo unisikilize vizuri. Watu wanamsifu, "huyu mtoto hasumbui kabisa." Mimi darasani wa kulia sikuwahi kumhofia kama yule aliyekaa kona anaangalia mlango hana machozi.

Tangu aanze anaumwa kila wiki. Nasari chafu?

Sio lazima. Watoto wadogo wanapata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka kawaida tu, na wa nasari mwaka wa kwanza huzidi hapo, ndo mwili unajifunza. Lakini uone wanavyonawa mikono, kabla ya kula na baada ya kila nepi, mlezi na mtoto, kwa sabuni. Na waulize sheria ya mgonjwa. Wanaofuata utaratibu watakwambia mwenye kuharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho, na mwenye homa mpaka ipite siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha. Ni usumbufu ukiwa wewe ndo unarudishwa mlangoni, lakini sheria hiyo hiyo ndo inamlinda wako wiki ijayo.

Kang'atwa na mwenzie. Na kama wangu ndo anang'ata?

Kati ya mwaka 1 na 3 kung'ata ni kawaida sana, maneno hayajatosha, meno yapo. Unachotaka kuona ni kwamba umeambiwa kabla hujaliona alama mwenyewe kwenye kuoga, wameandika saa na mahali, na wana mpango. Hawatakutajia jina la aliyeng'ata, na ni sawa wasikutajie, kesho yatakuwa ya kwako. Kama wako ndo mng'ataji usimng'ate na wewe ili aonje, utamfundisha kwamba wakubwa nao wanang'ata.

Mtoto wangu ana mahitaji maalum, nianzie wapi?

Sema ukweli wote tangu siku ya kwanza, halafu angalia uso wa anaekusikiliza. Kuna anaeanza kukuuliza, anapenda nini, nini kinamtisha, akizidiwa mnamtulizaje. Na kuna anaekwambia haraka "hamna shida, tunapokea wote." Mi namuamini zaidi wa maswali, hata akisema hili hatujawahi kulifanya utufundishe. Kama ana aleji au kifafa au dawa, usikubali kuambiwa tutakumbuka. Iandikwe, ibandikwe, na uwaone watu wawili wanaojua kuitoa hiyo dawa, maana mmoja kuna siku atakuwa hayupo.

Nitajuaje anafanyiwa vibaya kama hajui kusema?

Fuata mabadiliko. Alama mahali ambapo mtoto haangukii, kama masikio, mgongo, mapaja ya ndani, shingo. Kumwogopa mtu mmoja maalum. Kukataa kuvuliwa nguo au kubadilishwa wakati mwanzo alikuwa hana shida. Michezo ya ajabu na midoli, anaifokea au anaifungia kwa maneno ambayo nyumbani hamyatumii. Dalili moja moja inaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, zikikutana mbili tatu usizipuuze.

Usimuhoji kama polisi, "alikupiga? nani? mwalimu eh?" maana mtoto wa miaka 3 atakubali chochote unachomtajia. Muulize wazi, "niambie ya leo," halafu acha mikono yake ifanye kazi, mpe midoli au rangi. Andika alichosema kwa maneno yake, weka tarehe, piga picha alama, mpeleke kwa daktari, na toa taarifa kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto mlipo. Na mtoe siku hiyo hiyo, hata kama ada umelipa ya muhula mzima.

Mfundishe mapema majina halisi ya viungo vyake vyote, na kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama au baba haruhusiwi kuijua.

Mama mkwe anasema namtupa mtoto. Ni kweli nasari inaharibu?

Kuna utafiti mkubwa ulianza Marekani mwaka 1991, ukafuata watoto zaidi ya 1,300 kuanzia wakiwa wachanga. Ulikuta kwamba mambo ya nyumbani, hasa jinsi mzazi anavyomsikiliza na kumjibu mtoto, yana uzito kuliko nasari. Malezi mazuri ya kituo yaliendana na lugha na akili kukua vizuri zaidi kidogo, na saa nyingi sana kwenye kituo ziliendana na utundu na ubishi kidogo zaidi. Tofauti zenyewe zilikuwa ndogo. Kwa hiyo mama mkwe mjibu kwa heshima, ana hoja kwenye saa nyingi, ukiweza kumchukua mapema siku moja moja mchukue, ila mtoto hujamtupa.

Nimegundua nimekosea kuchagua. Sasa?

Kama ni mambo madogo ongea kwanza na mwalimu mwenyewe, sio kwenye grupu la wazazi, na sio mlangoni asubuhi wakati anapokea watoto kumi, omba dakika kumi jioni. Mpe wiki mbili. Kama ni usalama, usimpe hata siku.

Mimi wa pili nilimtoa wiki ya saba. Hakuwa amepigwa, hakuna alama yoyote. Nilikuwa nimeahirisha mara mbili kwa sababu ada ilishalipwa, na nilikuwa mwalimu, nikijiambia najua mambo haya, atazoea. Jioni moja nimefika mapema nikamuuliza mlezi wake leo alikula? Akageuka akamuuliza mwenzie, "huyu ndo nani?" Wiki saba. Nikambeba na begi lake.

Nasari iliyofuata ilikuwa vyumba viwili, rangi imebabuka, bembea moja. Siku ya tatu niko pembeni nimekaa kwenye kile kiti kidogo, mwanangu anapanga vitalu mgongo ametugeuzia, ticha akaja akakaa chini sakafuni karibu nae, hakusema kitu, akashika kitalu kimoja mkononi akasubiri. Mwanangu akapanga, akapanga, akamwangalia. Akakichukua kile kitalu mkononi mwake akakiweka juu kabisa, halafu akampa ticha kingine akishike.